Vioo viwili, mafuta na maji katikati: kwa nini maji yanashuka kwa vidole?

#1 FundiVioo_Katindo
Jambo wote. Mimi ni fundi vioo hapa Goma, upande wa Katindo. Nilibakiwa na vipande viwili vya kioo vya sentimita 40 kwa 60 kutoka kazi ya dirisha, nikaona nimtengenezee mtoto wa dada yangu kitu cha kuchezea. Nimezungusha nailoni ya kuvulia ya milimita 1 kwenye kingo zote nne, nikalaza kioo cha pili juu yake, nikaziba kwa silikoni. Ndani nimejaza nusu maji yenye bluu ya kufulia, nusu mafuta ya alizeti. Ukisimamisha, mafuta yanakaa juu na maji chini, na mstari wa kati umenyooka kama uliopigwa rula.

Sasa pindua juu chini. Kwa sekunde kadhaa hutaona kitu. Halafu mstari unaanza kukunjakunja kama pindo la kitenge lililovutwa uzi. Kila kikunjo cha chini kinarefuka, kinakuwa kidole cha bluu kinachoshuka, na kati ya kidole na kidole mafuta yanapanda kwa kidole chao cha njano. Baada ya dakika nne na kidogo, vile vya mbele vimegusa sakafu.

Nimepindua zaidi ya mara hamsini. Vidole vya maji vinakuwa 6, mara nyingine 7. Havijawahi kuwa 3, havijawahi kuwa 20. Nani amevihesabia? Na kwa nini maji yasishuke yote pamoja kama pazia? Halafu kuna jambo linaloninyima usingizi: kidole cha kushoto kabisa ndicho kinachotangulia, karibu kila mara. Mwenye kujua anisaidie.

#2 KadogoKituku
Maji mazito, mafuta mepesi. Lazima yashuke. Swali limeisha, yaya.

#3 MamaNeema_Himbi
Kadogo, soma tena. Hakuuliza kwa nini yanashuka, ameuliza kwa nini yanashuka kwa vidole sita. Hayo ni maswali mawili.

#4 Mwalimu_Ndosho
Mama Neema amesema kweli. Nijaribu, maana somo hili nalipenda.

Tuseme mstari umenyooka kabisa, sawa kila mahali. Maji yaliyo juu yanataka kushuka, lakini yatapita wapi? Mafuta yamejaa chini yake kwa upana wote, hayana pa kutokea. Pazia lako haliwezi kushuka kwa sababu hiyo: kila tone linaloshuka linahitaji tone la mafuta lipande, na wote hawawezi kupita mlango mmoja kwa wakati mmoja. Ila hakuna mstari ulionyooka kabisa. Mkono umetikisika, mpaka wa maji na mafuta umebonyea kidogo mahali fulani. Pale palipobonyea, maji yamepata kimo zaidi, kwa hiyo yanasukuma zaidi kuliko jirani zake, kwa hiyo yanabonyea zaidi. Pembeni yake mafuta nayo yamepata njia ya kupanda. Kosa dogo linajilisha lenyewe. Ndiyo maana unaona sekunde za kimya halafu ghafla mawimbi: yalikuwa yakikua tangu mwanzo, ila macho yalikuwa hayajayaona.

Lord Rayleigh aliandika hesabu ya jambo hili mwaka 1883 kwa vimiminika visivyo ndani ya mwanya, na G. I. Taylor akalirudia mwaka 1950. Kuweka kitu kati ya vioo viwili vilivyokaribiana kulianzishwa na mhandisi Mwingereza Hele-Shaw, mwaka 1898. Mafundi wa fizikia mpaka leo wanakiita chombo hicho kwa jina lake. Wewe umekitengeneza kwa nailoni ya soko la Kituku, na kimefanya kazi.

#5 FundiVioo_Katindo
Aksanti mwalimu. Nimeelewa pazia. Bado hesabu ya sita.

#6 KadogoKituku
Mimi nadhani ni nailoni. Mwanya wa milimita 1 unatoa vidole vinene. Ukiweka nailoni ya nusu milimita, vidole vitakuwa vyembamba nusu, utapata 12. Hapo naweka samaki wangu mezani.

#7 FundiSimu_Birere
Mimi nabadilisha skrini za simu, na vidole hivi naviona kila siku bila uzito wowote. Ukivua kioo kilichovunjika kutoka kwenye skrini, gundi bado mbichi, hewa inaingia kutoka pembeni. Haiingii sawasawa. Inaingia kama matawi ya mti, tawi linazaa tawi, na gundi inabaki imekaa kama mishipa ya jani. Simu imelala mezani, hakuna juu wala chini. Kwa hiyo siyo uzito. Ni kwa sababu hewa ni laini na gundi ni nzito ya kunata. Kitu laini kikisukuma kitu kinachonata, lazima kipasue njia. Maji ni laini kuliko mafuta, ndiyo hayo hayo.

#8 Mwalimu_Ndosho
Fundi Simu, umeleta nusu ya pili ya habari, na ni nusu kubwa. Saffman na Taylor walilichapisha hilo mwaka 1958: kimiminika chenye mnato mdogo kikisukuma chenye mnato mkubwa ndani ya mwanya mwembamba, mpaka kati yao hauvumilii, unatoa vidole. Katika mfereji mrefu, ukisukuma kwa kasi, mwishowe kidole kimoja kinashinda wengine wote na kinachukua karibu nusu ya upana wa mfereji. Nusu hiyo iliwatesa watu wa hesabu karibu miaka 30 kabla ya kueleweka kwamba ni mvutano mdogo wa mpaka ndio unaoichagua.

Lakini usimtupe uzito nje. Kwenye vioo vya Fundi hakuna anayesukuma. Akiviacha vimelala mezani havitatoa kidole hata kimoja. Kinachoendesha ni tofauti ya uzito tu. Mnato unaamua mwendo.

#9 FundiSimu_Birere
Sawa, lakini kwangu hewa haina uzito na vidole vipo. Kwa hiyo sababu ya vidole ni mnato, uzito ni dereva tu.

#10 MamaNeema_Himbi
Na kama vimiminika viwili vina mnato sawa, kimoja kizito kikiwa juu? Vidole havitatoka?

#11 Mwalimu_Ndosho
Vitatoka, mama. Swali zuri sana hilo.

#12 BintiKiliba_Bukavu
Salamu kutoka Bukavu. Baba yangu alifanya kazi kwenye sukari kule Kiliba, kwa hiyo niruhusuni niingie na sukari. Watu wa viwanda vya sukari waliliona jambo hili kabla ya 1958. Mwaka 1952 Hill aliandika juu ya nguzo zilizojaa makaa ya mifupa, yale ya kusafishia maji ya sukari. Ukitaka kutoa maji ya sukari yaliyobaki ndani, unayasukuma kwa maji matupu kutoka juu. Maji matupu ni mepesi, yako juu, kwa upande wa uzito kila kitu kimetulia. Lakini maji matupu yana mnato mdogo, kwa hiyo kwa upande wa mnato yanataka kupasua njia. Nani anashinda? Inategemea unasukuma kwa kasi gani. Polepole, uzito unashinda na mpaka unabaki sawa. Haraka, mnato unashinda, maji yanachimba mifereji na sukari inabaki imekwama pembeni. Kuna kasi moja katikati, chini yake amani, juu yake vidole.

Kwa hiyo FundiSimu na KadogoKituku, kila mmoja ana mkono mmoja wa mizani. Yaya Fundi anaweza kuujaribu huu kwa vioo vyake: maji chini, mafuta juu, halafu ongeza maji kutoka chini kwa sindano, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu.

#13 FundiVioo_Katindo
Nina matundu mawili kwenye kingo, la chini na la juu. Sindano ndiyo sina.

#14 MamaNeema_Himbi
Nina sindano kubwa za mililita 60, zile za kumlishia mgonjwa kwa mpira. Pita Himbi kesho uchukue moja mpya. Na uache hiyo bluu ya kufulia. Ile ni unga, inazama taratibu, kwa hiyo maji yako yana uzito unaobadilika. Tumia dawa ya zambarau ya vidonda, matone mawili yanatosha.

#15 FundiVioo_Katindo
Majibu. Nimeosha kila kitu, zambarau badala ya bluu.

Kwanza sindano. Maji chini, mafuta juu, mafuta yanatokea tundu la juu kwenye chupa. Nimesukuma mililita 60 kwa dakika tano nikihesabu na saa ya ukutani. Mpaka umepanda sentimita 15 umelala vilevile, kama maji yanayojaa kwenye beseni. Nimerudisha, nikasukuma mililita 60 kwa sekunde 15. Vidole vikaruka juu, vinne, kimoja kimefika karibu na tundu kabla sindano haijaisha. Mafuta yamebaki pembeni mwa vidole kama visiwa. Mikono ilinitetemeka, nakiri. Vioo vile vile, mafuta yale yale, tofauti ni mwendo wa kidole gumba changu.

Pili nailoni. Nimetengeneza jozi nyingine kwa nailoni ya 0.5. Kadogo, vidole ni 6. Nimepindua mara kumi: 6, 6, 7, 6, 7, 6, 6, 6, 7, 6. Ila mwendo! Dakika nne zimekuwa 19.

#16 KadogoKituku
Samaki wako mezani, njoo uchukue. Ila sielewi. Mwanya umekuwa nusu, kwa nini unene haujabadilika?

#17 Mwalimu_Ndosho
Matokeo mazuri sana haya. Mwendo kwanza: urahisi wa kupita kwenye mwanya unafuata kipeo cha pili cha upana wake. Punguza mwanya nusu, mwendo unapungua mara nne. Dakika nne na kidogo mara nne ni kama 17. Umepata 19, tutarudi hapo.

Sasa unene. Kuna nguvu mbili zinazogombania mpaka. Uzito unataka ukunje, mvutano wa mpaka unataka ubaki umenyooka, sawa na ngozi ya ngoma inavyokataa kukunjwa. Kikunjo kidogo sana kina kona kali, mvutano unakifuta. Kikunjo kikubwa sana mvutano haukigusi, lakini kinakua polepole, kwa sababu mafuta yanalazimika kusafiri mbali pembeni. Katikati kuna ukubwa mmoja unaokua haraka kuliko wote, na ndio unaouona. Mwanya unapunguza mwendo wa vikunjo vyote kwa kiasi kile kile, kwa hiyo mshindi habadiliki. Hesabu yake: chukua mvutano wa mpaka, ugawe kwa tofauti ya msongamano mara uvutano wa dunia, tafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, uzidishe kwa karibu 11. Mafuta na maji yana mvutano wa karibu 0.025 niutoni kwa mita, tofauti ya msongamano ni kama kilo 85 kwa mita ya ujazo. Unapata karibu sentimita 6 kutoka kidole hadi kidole. Kioo chako kina sentimita 40. Gawanya mwenyewe.

#18 FundiVioo_Katindo
6 na ushei. Mwalimu, nimekaa chini.

#19 Chimbaji_Lshi
Lubumbashi hapa. Kwanza shukuruni kwamba ametumia alizeti. Angetumia mawese kwa baridi yenu ya Goma yangeganda, na angeandika uzi mwingine kabisa.

Mwalimu, hesabu yako ni safi lakini ina dhana. Unasema mvutano ni 0.025. Ule ni wa mafuta safi na maji safi. Yeye ameosha vioo kwa nini? Kama ni sabuni na imebaki kidogo, mvutano unashuka na vidole vinaongezeka. Basi ajaribu makusudi: tone moja la sabuni ya vyombo.

Na niongeze langu. Huku tunamwagia asidi marundo ya mawe ya shaba, inapita ndani inayeyusha shaba na kutoka chini. Kwenye karatasi inashuka sawasawa. Siku moja tulifungua rundo la zamani kwa mashine, ndani tukakuta mistari ya mawe yaliyolowa na kubadilika rangi kutoka juu hadi chini, na kati yake mawe makavu, shaba yake yote bado ipo, kijani kabisa. Asidi ilikuwa imechagua njia zake na kuzifuata miezi. Nilisimama pale nikajua kwamba nusu ya asidi ilipita bure.

#20 MchimbaVisima
Jambo hilo la Lubumbashi linanigusa. Ninachimba visima vya maji Kivu Kusini. Ukishashusha bomba la chuma, nje yake kunabaki mwanya mwembamba kati ya bomba na ardhi, umejaa matope ya kuchimbia. Unapopampu saruji kutoka chini ipande na kuyasukuma matope, unataka kitu kizito chini na chepesi juu, na unataka saruji nzito ya mnato isukume matope laini. Hapo mikono yote miwili ya mizani iko upande wako.

Tatizo ni kwamba bomba halikai katikati. Linaegemea upande mmoja, mwanya unakuwa mpana huku na mwembamba kule. Na kama mwalimu alivyosema kuhusu kipeo cha pili, upande mpana saruji inakimbia, upande mwembamba matope yamelala hayajui hata kama kuna saruji. Kisima kimoja nilichokifanya zamani, bila vile vyuma vya kuliweka bomba katikati, kilileta maji yenye harufu baada ya mvua mbili. Maji ya juu yalikuwa yakishuka kwenye utepe wa matope yaliyobaki. Watu walikuwa wakiyanywa. Nilirudi nikakifunga kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo siteremshi bomba bila vyuma vya katikati.

Kwa hiyo Fundi, kidole chako cha kushoto: mwanya wako upande wa kushoto ni mpana kidogo. Silikoni imevimba pale. Sehemu ya kumi ya milimita inatosha kabisa.

#21 FundiSimu_Birere
Nakubaliana na MchimbaVisima. Na 19 badala ya 17 ni hiyo hiyo, nailoni imebanwa ikawa chini ya 0.5.

#22 MamaNeema_Himbi
Au joto. Dirisha liko upande gani? Jua likipiga upande mmoja, mafuta ya upande huo yanalainika. Mafuta ya kupikia asubuhi na mchana hapa Himbi ni vitu viwili tofauti.

#23 BintiKiliba_Bukavu
Au mafuta yanaacha utando kwenye kioo. Mara ya kwanza maji yanagusa kioo kikavu, mara ya hamsini yanateleza juu ya utando wa mafuta uliobaki. Ukuta umebadilika. Ningeamini zaidi kupindua kwa kwanza baada ya kuosha.

#24 KadogoKituku
Niulize kitu ambacho siyo cha vioo. Mimi nauza karibu na ziwa. Kila mtu anasema chini ya Kivu kuna gesi imelala na siku moja itapinduka. Ni hii hii ya Fundi? Kizito juu, chepesi chini, siku moja mkono unapindua?

#25 BintiKiliba_Bukavu
Kadogo, swali lako ni la kweli na linastahili jibu la uangalifu. Hapana, kwa sasa ziwa liko upande wa pili wa mizani. Kivu ina kina cha karibu mita 485. Maji ya chini ni ya moto kidogo kuliko ya katikati, na joto peke yake lingeyafanya mepesi. Lakini yana chumvi nyingi na kaboni dioksidi nyingi iliyoyeyuka, na hivyo viwili vinayafanya mazito. Methani iliyoyeyuka inayafanya mepesi kidogo. Jumla yake ni uzito, kwa hiyo yanakaa chini. Kizito chini, chepesi juu, kama vioo vyako kabla ya kupinduliwa.

#26 Mwalimu_Ndosho
Na pale kuna ajabu nyingine. Joto linapenya haraka kuliko chumvi. Kwa hiyo ndani ya Kivu maji yamejipanga kwa tabaka kama ngazi, mamia ya tabaka, nyingi hazifiki mita moja kwa unene. Ndani ya kila tabaka maji yanazunguka, mpakani yanatulia. Wengine husema ni vidole vya chumvi. Siyo. Vidole vya chumvi vinahitaji maji ya moto na chumvi yawe juu. Kwetu yako chini, ndiyo maana tunapata ngazi.

#27 KadogoKituku
Aksanti dada, aksanti mwalimu. Kwa hiyo nilale?

#28 BintiKiliba_Bukavu
Ulale, lakini jambo lenyewe si la kupuuzwa. Gesi ni nyingi: karibu kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi, zikipimwa kama zingekuwa juu ya maji. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi yake usiku wa 21 Agosti 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na maji yake ya chini bado hayajashiba gesi. Kuitoa methani ya umeme, kama upande wa Rwanda unavyofanya, kunahitaji kurudisha maji kwenye kina sahihi. Ukiyarudisha maji mazito juu mno, hapo ndipo unaanza kucheza mchezo wa Fundi.

#29 Mzee_Mabanga
Watoto wangu, mmefika kwenye gesi kwa hiyo niseme. Mazuku, ile gesi ya ardhini inayoua, ni hii hii. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inatoka kwenye mabanga, haya mawe ya lava, na kukaa kwenye mashimo asubuhi wakati hakuna upepo. Nilipoteza mbuzi wawili ndani ya bonde ambalo mtu mzima akisimama kichwa chake kilikuwa nje. Mbuzi vichwa vyao vilikuwa ndani. Nilichukua kijiti chenye moto nikakishusha taratibu, mwali ukazimika kwenye urefu wa goti, kama umetiwa ndani ya maji. Nikainua, nikawasha, nikashusha, ukazimika mahali pale pale. Mpaka ulikuwa mkali kama wa vioo vya Fundi, tofauti hauonekani. Wafundisheni watoto wasishuke mashimoni asubuhi.

#30 MamaNeema_Himbi
Pole sana papa. Hili lisomwe na kila mzazi. Na wasiiname kuokota kitu humo.

#31 FundiSimu_Birere
Na mlima wetu wa moto, Nyiragongo? Mwaka 2021 lava ilitoka tarehe 22 Mei, halafu matetemeko yakaanza kutembea kusini, chini ya mji, mpaka chini ya ziwa. Tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Mimi nilitembea na mama hadi Sake, amebeba redio. Walisema ni magma imepita kwenye ufa chini yetu. Ufa mwembamba, kitu chepesi kinasukuma njia. Siyo vidole hivi?

#32 Mwalimu_Ndosho
Kuna undugu. Magma yenye viputo ni nyepesi, inapenda kupanda, na inapita kwenye nyufa nyembamba. Magma ya Nyiragongo inajulikana kwa kuwa laini sana. Lakini vioo vya Fundi haviachani, mwanya wake umewekwa tayari. Mwamba lazima upasuliwe kwanza, na nguvu ya mwamba kujibana inaamua mengi. Ile ya 2021 ilikwenda kando chini ya ardhi, haikupanda tu. Nisingeiita kidole.

#33 Mzee_Mabanga
Mimi niliona ufa uliopita barabarani siku zile. Nilisimama juu yake, mguu huku na mguu kule. Iwe kidole au isiwe, ilikuwa inapita.

#34 FundiVioo_Katindo
Nimerudi. Tone la sabuni ya vyombo, kama alivyosema Chimbaji. Vioo vya milimita 1, nimepindua: vidole vyembamba, vingi, vinashuka kama mvua ya mbali. Nimehesabu 14 kabla havijagusana na kuchanganyikana. Mpaka wenyewe haukukaa hata sekunde tatu.

Kuhusu kushoto. Nimepima mwanya kwa vipande vya karatasi kingo zote: kushoto na kulia sawa, kwa vipimo nilivyonavyo. Hata hivyo nimegeuza vioo, mbele ikawa nyuma, ili iliyokuwa kushoto iwe kulia. Kidole kilichotangulia: bado kushoto. Kwa hiyo siyo silikoni, MchimbaVisima, samahani. Nimefunika dirisha kwa blanketi na kusubiri saa mbili. Bado kushoto. Nimeosha hadi kioo kinalia chini ya kidole, kupindua kwa kwanza kabisa. Kushoto.

#35 MchimbaVisima
Meza je? Imelala sawa? Mpaka ukiinama hata kidogo, upande mmoja una kimo zaidi tangu mwanzo.

#36 FundiVioo_Katindo
Nimeweka pima maji juu ya fremu. Kiputo kiko katikati.

#37 Chimbaji_Lshi
Karatasi haipimi sehemu ya mia ya milimita. Kioo cha dirisha chenyewe kinapinda kwa uzito wa maji, tumbo linatoka. Sikubali bado kwamba mwanya ni sawa.

#38 BintiKiliba_Bukavu
Tumbo lingetoka katikati, Chimbaji, na kidole cha kati ndicho kingetangulia.

#39 MamaNeema_Himbi
Yaya Fundi, unapopindua unashika vipi? Mkono gani unakwenda chini kwanza?

#40 FundiVioo_Katindo
Kulia nakaza, kushoto naachia kidogo ili fremu izunguke. Nafanya hivyo hivyo hata na madirisha.

#41 KadogoKituku
Basi mkono huo. Samaki mwingine mezani.

#42 Mwalimu_Ndosho
Inawezekana. Kupindua kunachukua nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo maji yanasukumwa upande mmoja. Lakini mtikisiko wa namna hiyo ungetulia, sidhani ungedumu hadi mwisho. Mimi bado nashuku utando wa mafuta.

#43 FundiVioo_Katindo
Leo nimempa mtoto wa dada apindue. Ana miaka tisa, anashika kwa mikono miwili na kuzungusha mwili mzima. Mara tano. Kilichotangulia: cha tatu kutoka kulia, cha kwanza kulia, cha tatu kutoka kulia, cha kushoto, cha tatu kutoka kulia. Sasa anataka vioo vikae chumbani kwake na ameanza kuandika namba kwenye daftari la hesabu.